Waraka wa PDF Unapogoma: Kutafuta Chanzo na Kurekebisha kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Mkazi wa Dodoma mwenye kompyuta nyumbani, awe mwanafunzi wa chuo aliyepanga Ng'hong'hona, mwalimu mstaafu wa Kikuyu au mkulima wa zabibu wa Hombolo, hawezi kukwepa nyaraka za PDF. Hotuba za bajeti zinazosomwa bungeni, matangazo ya ajira, fomu za maombi, ripoti za Sensa ya mwaka 2022 na miongozo ya kilimo hutolewa kwa muundo huo. Muundo wenyewe ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ukafanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2008 kwa jina la ISO 32000, na shabaha yake tangu mwanzo ilikuwa ukurasa uonekane vilevile popote unapofunguliwa. Waraka unapokataa kufunguka, au unapofunguka maandishi yakiwa yamevurugika, watu wengi hukimbilia kufuta programu na kuisakinisha upya, au huibeba kompyuta hadi kwa fundi na kulipia kasoro ambayo haikuwamo kwenye kompyuta hata kidogo. Fedha hiyo inaniuma, kwa kuwa mara nyingi jibu hupatikana kwa dakika chache kwa mtu anayejua aanzie wapi.

Mifano ya hapa inatumia SumatraPDF, programu ya bure ya Windows iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Nimeichagua kwa sababu ni nyepesi sana, haina matangazo, inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta za zamani zilizojaa majumbani mwetu, na mbali na PDF inafungua pia vitabu vya ePub na nyaraka za DjVu na XPS. Anayetumia Linux ana Okular au Evince, nazo ni za bure, na sehemu kubwa ya maelezo haya yanazihusu vilevile.

Kabla ya kugusa chochote

Kasoro inaweza kuwa ndani ya faili, ndani ya programu au ndani ya kompyuta yenyewe, na kuna majaribio mawili mafupi ya kuzitenganisha. La kwanza, fungua faili jingine la PDF ambalo una hakika lilikuwa likifunguka vizuri, kwa programu ileile. La pili, chukua faili linalosumbua ulifungue kwa programu nyingine. Huhitaji kupakua kitu, kwa kuwa vivinjari vya Edge, Chrome na Firefox vyote vina uwezo wa kuonyesha PDF, hivyo inatosha kuliburuta faili na kuliachia ndani ya dirisha la kivinjari.

Faili jingine likifunguka na lile likagoma kila mahali, kosa ni la faili, na hata ukisakinisha programu mara ngapi hutabadilisha kitu. Faili lilelile likikubali kwenye kivinjari na kukataa kwenye Sumatra, basi ama programu imeharibika, ama waraka una kitu ambacho programu hiyo haikuundwa kukishughulikia. Kila kitu kikiwa kizito au kikigoma, mafaili yote na programu zote, angalia kompyuta. Usiruke hatua hii, kwa maana yote yanayofuata yanategemea jibu lake.

Programu yenyewe haisakiniki

Chanzo cha kawaida ni kupakua toleo lisilolingana na kompyuta. Toleo la biti 64 halitakubali kwenye Windows ya biti 32, ambayo bado ipo kwenye kompyuta nyingi za zamani; fungua mipangilio ya mfumo, sehemu inayoeleza habari za kompyuta, usome aina ya mfumo kabla ya kupakua. Chanzo cha pili ni kukosa mamlaka ya kusakinisha, kama ilivyo kwa kompyuta mpakato iliyotoka kazini. Hapo tumia toleo la kubebeka la Sumatra, ambalo halisakinishwi: ni faili moja unaloliweka kwenye folda au flashi na kulibofya mara mbili.

Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, sumatrapdfreader.org. Kurasa nyingi za kupakulia programu zimejaa vitufe vikubwa vya rangi vinavyosema pakua, na vingi kati ya hivyo ni matangazo yanayokuletea kitu kingine kabisa. Programu ya bure haihitaji namba ya leseni, haihitaji kuvunjwa kufuli, wala haiombi utume fedha kwa simu. Ukiona lolote kati ya hayo, funga ukurasa huo.

Programu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri ikianza kujifunga yenyewe, ifunge kabisa, kisha tafuta faili liitwalo SumatraPDF-settings.txt na kulihamishia pengine. Kwa toleo la kubebeka limo kwenye folda ileile ya programu. Kwa lililosakinishwa limo ndani ya folda ya data za programu ya mtumiaji. Programu itatengeneza faili jipya, ingawa orodha ya nyaraka ulizokuwa ukizisoma na kurasa ulizokomea itapotea.

Ujumbe kwamba faili limeharibika

Hapa ndipo malalamiko mengi yalipo, na hapa pana kipimo ambacho kila mwenye kompyuta angepaswa kukijua. Tengeneza nakala ya faili kwanza, kisha ifungue nakala hiyo kwa Notepad, ile programu ndogo ya maandishi inayokuja na Windows. Utaona alama nyingi zisizosomeka. Usishtuke, na wakati wa kufunga usihifadhi chochote. Tazama mstari wa kwanza kabisa.

Mstari huo ukianza na %PDF-1.4 au %PDF-1.7 au namba nyingine ya namna hiyo, faili ni PDF kweli. Shuka hadi mwisho: panapaswa kuwa na %%EOF. Ikiwa mwanzo upo na mwisho haupo, faili limekatika njiani, na sababu yake kwa kawaida ni bando kuisha, mtandao kuyumba au umeme kukatika katikati ya kupakua. PDF huweka orodha ya mahali ilipo kila sehemu ya waraka mwishoni mwa faili, ndiyo maana faili lililopungua kipande kidogo tu cha mwisho linaweza kukataa kufunguka lote. Baadhi ya programu hujaribu kuijenga upya orodha hiyo na kukuonyesha kurasa zilizonusurika, lakini dawa ya kweli ni kupakua tena. Angalia pia mwisho wa jina: likiishia na .crdownload ni Chrome au Edge haijamaliza, na likiishia na .part ni Firefox haijamaliza.

Mstari wa kwanza ukianza na <!DOCTYPE html, ulichonacho ni ukurasa wa tovuti uliovishwa jina la PDF. Hutokea pale muda wa kukaa ndani ya akaunti umekwisha, mfumo ukarudisha ukurasa wa kuingilia, na kivinjari kikauhifadhi kana kwamba ndio waraka ulioomba. Ingia upya kwenye akaunti, ufungue waraka kwanza uuone kwa macho, ndipo uupakue.

Mstari ukianza na herufi PK, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni waraka wa Word ambao mtu aliubadilisha jina akidhani kwamba kuandika .pdf mwishoni kunaugeuza kuwa PDF. Badilisha mwisho wa jina uwe .docx na uufungue kwa Word, au kwa LibreOffice ambayo ni ya bure. Windows kwa kawaida huficha miisho hii ya majina, nami nashauri kila mtu aamuru ionyeshwe kwenye mipangilio ya folda, kwa ajili ya kazi hii na kwa usalama pia: faili lililoandikwa matokeo.pdf.exe huonekana kama matokeo.pdf mwisho ukifichwa, na faili hilo si waraka bali ni programu inayosubiri kubofywa.

Linabaki faili ambalo ukubwa wake ni sahihi lakini Notepad inaonyesha utupu mtupu. Hilo mara nyingi ni zao la flashi iliyochomolewa kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Nafasi ilitengwa, yaliyomo hayakufika. Rudi kwenye kompyuta yenye faili la asili, nakili upya, na uchomoe flashi baada ya kuiamuru kompyuta iiachie.

Flashi imetoka stesheneri na nyaraka zimegeuka kilobaiti 1 au 2

Ukifungua flashi ukakuta majina ya nyaraka zako yapo, lakini kila moja ina mshale mdogo kwenye pembe ya aikoni na ukubwa wake ni kilobaiti 1 au 2, usibofye hata moja. Flashi imepata kirusi kinachoficha mafaili halisi na kuweka njia za mkato badala yake, na kubofya njia ya mkato ndiko kunakokiamsha na kukihamishia kwenye kompyuta yako. Programu ya kusomea PDF haina hatia, na nyaraka zako kwa kawaida hazijapotea.

Anza kwa kukagua flashi kwa kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, ikiwa imepakua taarifa mpya. Kisha angalia herufi ya flashi kwenye orodha ya diski; tuseme ni E. Fungua dirisha la amri la Windows, cmd, uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hii huondoa alama za kufichwa, kusomwa tu na mfumo kwa kila faili na kila folda ndani ya flashi. Herufi ikikosewa amri itatekelezwa kwenye diski nyingine, kwa hiyo ihakikishe mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Nyaraka zikionekana tena, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina, zinakili kwenye kompyuta, futa zile njia za mkato, na uifomati flashi. Ikiambukizwa tena siku hiyohiyo bila kutoka nyumbani, kompyuta yako nayo imeambukizwa, na inahitaji ukaguzi kamili kabla ya flashi yoyote kuchomekwa. Anayechapisha mara kwa mara mjini ni heri atume waraka kwa barua pepe, au atumie flashi isiyo na kitu kingine chochote ndani yake.

Maandishi yamekuwa visanduku au alama za ajabu

Tofautisha hali mbili. Katika hali ya kwanza waraka unaonekana vibaya kwenye programu moja na vizuri kwenye nyingine. Chanzo hapo ni fonti, yaani maumbo ya herufi, ambazo mtengenezaji hakuzipachika ndani ya faili, hivyo kila programu inatafuta mbadala wake kwenye kompyuta, na mbadala haulingani. Ndani ya Sumatra bonyeza Ctrl pamoja na D upate maelezo ya waraka, ambako orodha ya fonti hupatikana pia. Suluhisho la muda ni kutumia programu inayouonyesha vizuri; la kudumu ni mtengenezaji autoe upya akiwa amepachika fonti.

Katika hali ya pili kosa ni lilelile kila mahali. Kiswahili kina mtego wake hapa, nao ni ile alama ya ritifaa katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Ukisoma ngâ€™ombe katika kila programu, maana yake ritifaa iliyopinda iliandikwa kwa mfumo mmoja wa usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyozihifadhi herufi kwa namba, na kusomwa kwa mwingine kabla PDF haijatengenezwa. Kosa limeshachapwa ndani ya ukurasa, na hakuna programu ya kusomea itakayoliondoa. Mwandikie aliyetoa waraka umweleze hivyo, kwa sababu ndiye mwenye faili la asili, na wasomaji wengine wote wanaona kilekile unachokiona wewe.

Kutafuta neno hakuleti kitu

Umebonyeza Ctrl na F, umeandika neno unaloliona kabisa kwenye ukurasa, na programu inasema halipo. Jaribu kulichagua neno hilo kwa kipanya. Lisipochagulika, ukurasa ni picha iliyotoka kwenye skana, na ndani yake hamna herufi hata moja. Programu ya kusomea haiwezi kutafuta ndani ya picha. Inahitajika programu ya kutambua maandishi. Tesseract ni ya bure na ina data za Kiswahili, na wasiopenda kuandika amri wanaweza kutumia NAPS2, programu ya bure ya kuskani inayotumia Tesseract kwa ndani. Matokeo hutegemea usafi wa picha, hivyo nakala ya nakala iliyofifia itatoa maneno mengi yenye makosa.

Neno likichagulika na bado halipatikani, chunguza kama lina herufi f na i zikifuatana, kama katika ofisi, fikra au kufika. Baadhi ya programu za kupangia kurasa huziunganisha herufi hizo mbili kuwa umbo moja, na faili lisipoeleza umbo hilo linasimamia nini, utafutaji hulipita. Tafuta neno lingine la sentensi hiyohiyo.

Fomu inaonyesha ukurasa mmoja unaosema usubiri

Ukifungua fomu na kukuta ukurasa mmoja tu wenye ujumbe wa Kiingereza unaokutaka usubiri yaliyomo yapakiwe, usisubiri. Fomu hiyo imetengenezwa kwa teknolojia ya XFA, ambayo iliachwa katika kiwango cha PDF 2.0 cha mwaka 2017 lakini bado imo kwenye fomu nyingi, na programu nyingi za bure haziielewi. Ifungue kwa Adobe Reader, ambayo pia hutolewa bila malipo, au kwa Firefox, ambayo imekuwa ikizionyesha fomu hizo tangu mwaka 2021. Sumatra imeundwa kwa ajili ya kusoma. Kwa kujaza fomu za kawaida pia ni afadhali kutumia hizo mbili.

Kurasa zinafunguka polepole

Chanzo kikubwa ni uzito wa kurasa zilizoskaniwa. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa rangi kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2,480 kwa 3,508, na kila nukta inachukua baiti 3, hivyo kompyuta inapoufungua ili kuuonyesha hutumia takriban megabaiti 26 za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa ukurasa huo mmoja, hata kama kwenye diski faili limebanwa likawa dogo. Kwa nukta 600 hesabu inazidishwa mara 4 na kufikia takriban megabaiti 104. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 2, ambayo tayari ina kivinjari chenye kurasa kadhaa, lazima ilemewe. Funga kivinjari, nakili faili kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski ya kompyuta kabla ya kulifungua, na tumia programu nyepesi. Ikiwa wewe ndiye unayeskani barua na vyeti, chagua rangi ya kijivu na nukta 200 hadi 300. Maandishi yatasomeka vizuri na uzito utashuka hadi theluthi au chini yake.

Kwa Dodoma kuna chanzo kingine kinachosahaulika, nacho ni vumbi. Katika miezi mikavu, takriban kuanzia Mei hadi Novemba, upepo huingiza vumbi jekundu hadi ndani ya kabati, na feni ya kompyuta mpakato hulivuta na kulishindilia kwenye mapezi ya shaba yanayotoa joto. Kompyuta ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni kwamba waraka unafunguka haraka asubuhi kompyuta ikiwa baridi, kisha baada ya nusu saa kila ukurasa unakawia huku feni ikivuma kwa nguvu. Hapo hata ubadilishe programu ya kusomea hutapata nafuu. Izime kompyuta, itolewe vumbi kwa hewa huku feni ikizuiwa isizunguke, na isiwekwe juu ya godoro au kitambaa inapofanya kazi. Kazi hii ndiyo inayostahili fundi, kama huna uzoefu wa kufungua kompyuta.

PDF zinafunguka kwenye kivinjari badala ya programu uliyoiweka

Hii ni mipangilio tu. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye Open with, chagua programu nyingine, teua Sumatra na uweke alama ya kuitumia daima.

Kuchapisha kunakata kingo au printa inadai karatasi nyingine

Karatasi yetu ni A4, milimita 210 kwa 297. Windows iliyosakinishwa kwa mipangilio ya Marekani huiweka printa kwenye karatasi ya Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279, yaani pana kidogo na fupi zaidi. Matokeo yake mstari wa chini wenye sahihi au muhuri unakatika, ukurasa unasinyaa bila sababu, au printa inawasha taa na kusimama ikingoja karatasi isiyopatikana dukani. Fungua mapendeleo ya printa ndani ya Windows uweke A4 kuwa ya kawaida, kisha katika dirisha la kuchapisha la Sumatra chagua kurasa zipunguzwe pale tu inapolazimu ili zitoshe. Kwa fomu zenye visanduku vinavyosomwa na mashine, chagua ukubwa halisi.

Ukurasa ukionekana vizuri kwenye kioo na ukatoka kwenye karatasi ukiwa na herufi zilizopotea, fungua waraka kwa Adobe Reader na katika mipangilio ya ziada ya kuchapisha uchague kuchapisha kama picha. Itachukua muda zaidi, lakini printa haitapata nafasi ya kutafsiri fonti kwa namna yake.

Amri ya kuchapisha isipofanya kazi kabisa kwa waraka mmoja tu, bonyeza tena Ctrl na D uangalie kama kuna ruhusa zilizonyimwa. PDF inaweza kuwa na nywila mbili tofauti, moja ya kuufungua waraka na nyingine ya kudhibiti kuchapisha, kunakili na kubadilisha, na mtoaji anaweza kuweka ya pili bila ya kwanza, ndiyo sababu unausoma bila shida na huwezi kuuchapisha. Usiupakie kwenye tovuti zinazoahidi kuufungua, hasa ukiwa na namba ya kitambulisho au taarifa za benki, kwa kuwa unamkabidhi mtu usiyemjua nakala kamili. Mwombe mtoaji nakala inayoruhusu kuchapishwa, ukimtajia jina la faili na ruhusa iliyoonyeshwa kuwa imenyimwa.